Kona ya Dirisha

Jirani Abdias angefika midi, saa sita kamili, na Abdias akifika kazi inakufa. Kwa hiyo Nzanzu hakungoja hata bouillie, uji wake wa asubuhi. Jua lilipogusa tu dirisha la chumba, alikuwa ameshaanza kukwangua plafond, ile dari ya juu ya kitanda.

Plafond yenyewe ilikuwa aibu tupu. Aliipiga saruji mwaka aliomwoa Kanyere, akaichovyachovya kwa mwiko ili itoe maua. Maua gani? Vilitoka vilima na mashimo kama barabara ya Lubero wakati wa mvua. Baadaye bati likavuja, na juu ya kitanda likabaki doa la rangi ya chai. Hebu fikiria: fundi aliyepaka rangi nusu ya nyumba za Vulamba, kwake analala chini ya kitu kile.

Alikwangua polepole, ganda baada ya ganda. Mashimo makubwa aliyajaza mastic. Vilima alivisugua kwa msasa wa papier émeri bila kuvimaliza vyote, maana Kanyere alivizoea. Kwenye doa alitanguliza rangi ya mafuta. Ukipaka latex ya maji moja kwa moja, doa linarudi kukucheka. Ngazi hakuitaka. Yeye na ngazi walishaachana. Na shingo haikumuuma, wala tone moja halikumwangukia usoni.

Kanyere aliingia na kikombe na kijiko.

"Umefika wapi, baba Séphora?"

"Niko naweka couche ya kwanza ya rangi. Hapana kunisimamisha, mama."

"Hakuna mutu anakusimamisha. Fungua kinywa, bouillie inapoa."

Akamlisha kijiko kwa kijiko, macho ya Nzanzu yakibaki juu. Kanyere naye akatazama juu.

"Pale mu kona ya dirisha umeruka," akasema.

"Nimepaona. Rouleau inazunguka juu-juu, haiingii mu ile mashimo. Pale nitapiga na brosse."

Kanyere akampangusa kidevu, akatoka haraka.

Kila siku ilikuwa hivyo. Kona ileile inabaki, Abdias anaingia, na kesho yake Nzanzu anaanza tena kukwangua kama vile hakufanya lolote. Alikuwa amechoka kushindwa. Alitaka siku moja tu aione plafond yake nyeupe yote, kona mpaka kona, kabla ya jirani yule kumkatiza. Na jirani mwenyewe hana ubaya wowote, hapo ndipo hasira inapokosa pa kwenda.

Couche ya pili aliipaka akikimbizana na jua, ambalo lilishafika kwenye mguu wa kabati. Ikabaki kona. Nywele za brosse zikaingia shimo la kwanza, zikaingia la pili. Nje, pikipiki ya Abdias ikazimwa. Nzanzu akaikimbiza brosse kwenye shimo la tatu.

Mlango ukafunguliwa.

"Abdias, ndugu yangu, ningoje kidogo. Imebaki kona tu."

"Midi ni midi, mukubwa," Abdias akasema kwa upole, huku akikunja mikono ya shati. "Jana pia ulisema vile."

Kanyere akashika mabega, Abdias akashika miguu, wakaugeuza uelekee ukutani ule mwili ambao haukumtii tena Nzanzu tangu siku alipoanguka kutoka kwenye ngazi. Juu ya kitanda, doa la rangi ya chai lilikuwa palepale, halijaguswa na mtu.