Kioo cha Dirisha la Duka

Fundi vioo alikuwa amelala kwa saa tatu tu, na kioo cha dirisha la duka, kirefu kumshinda yeye, kilishalazwa mezani.

Kwa miaka miwili aliamini kwamba asipolala kwa saa nane, mkono utatetemeka na kioo kitapasuka. Asubuhi kama hizo alirudi kitandani, kazi kubwa akamwachia shemeji yake. Juzi muuguzi anayemtibu kukosa usingizi alimwambia, “Siku ukilala vibaya, usirudi kitandani. Kata kioo, tuone.”

“Shemeji, lete hicho kisu cha kukatia kioo, nikate mimi. Macho yamekutoka kama chura,” alisema shemeji yake, aliyesimama kando ya meza.

“Na wewe una mdomo wa kasuku. Shika rula,” fundi akajibu.

Akaweka kigurudumu cha kisu juu ya kioo, akakivuta mpaka mwisho. Kisu kililia sauti moja nyembamba, bila kukatika. Akagonga kwa chini. Kioo kikaachana vipande viwili, ukingo umenyooka kama uzi.

Shemeji aliilaza rula kwenye ukingo huo kuupima.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaipigia hesabu imani yake: asubuhi tisini kitandani, kazi kubwa arobaini mikononi mwa mwingine. Vioo alivyovunja kwa kukosa usingizi: hakuna hata kimoja.