Adabu ya Mgeni

Mzee Reubeni aliruka mfereji na viatu vyake vya Jumapili, Biblia kwapani, akatokomea katikati ya mikakao. Georgina akabaki njiani, salamu ikiwa bado mdomoni.

Ilikuwa mara ya nne wiki hiyo.

Georgina alikuwa ametumwa na vijana wa kanisa lao kule Machakos, Kenya, kufundisha chekechea katika kijiji hiki cha Bujonde, nchi jirani, kwa miezi sita. Mwaka ulikuwa 1993. Muda ulikuwa ukiisha, na watoto ndiyo kwanza wameanza kusoma. Alitamani kuongezewa mwaka mmoja. Lakini barua ilihitaji sahihi ya mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na mwenyekiti ndiye huyo aliyekuwa akiruka mifereji.

Siku ya kwanza mzee alimpokea nyumbani kwake kwa mikono miwili. Tangu wiki ya pili hakumtazama tena usoni. Georgina akiingia kwa mlango wa mbele, yeye anatoka kwa wa nyuma. Na minong'ono ya nyumba nzima ilikatika kila alipokaribia.

Kosa lake lilikuwa nini? Suruali hakuvaa. Alijifunza kusema "ugonile" asubuhi na "ndaga" baada ya chakula. Hata alipomwona Keziya, aliyeolewa na mwana mkubwa, akipisha njia na kujifunika kanga usoni mzee anapopita, naye alifanya hivyo hivyo kila siku, hata kanisani, asije akaonekana Mkenya mwenye kiburi.

Kisha yakaanza maswali.

"Baba yako ni mkali?" aliuliza Mama Tuntufye, mke wa mzee, akipepeta mchele.

"Si sana, Mama."

"Na kaka zako?"

"Ninaye mmoja tu. Ni polisi."

Ungo ulisimama hewani. "Polisi! Yesu wangu."

Kesho yake Emanueli, kitinda mimba wa nyumba hiyo ambaye bado hajaoa, akaja kuazima pasipoti yake. "Nanakili anwani ya kwenu tu, dada," alisema, macho chini. Georgina hakulala vizuri. Anwani ya kwenu, ya nini, kama si ya kupeleka mashtaka?

Alhamisi aliamua kumaliza jambo. Alimkuta Mama Tuntufye akifua.

"Mama, mzee yuko wapi? Nataka sahihi yake leo."

"Amesafiri. Amepanda basi la alfajiri na ndugu zake wawili. Wanakwenda kwenu, Machakos."

Wazee watatu, safari ya siku tatu, kwenda kumharibia jina!

"Mama, niambie ukweli. Nimemkosea nini mzee? Mbona ananikimbia kama nyoka?"

Mama Tuntufye aliacha kufua, akamkodolea macho.

"Akukimbie? Si wewe uliyeanza, mwanangu, mbele ya kanisa zima? Huku anayemfichia mzee uso ni mke wa mwanawe, basi, na mzee naye lazima amkwepe mkwewe. Tulishangaa, maana Emanueli aliapa hajakutamkia neno hata moja. Lakini alivyofurahi!" Akafuta povu mikononi, akamkumbatia. "Usihofu. Mzee amekwenda kumwuliza baba yako anataka ng'ombe wangapi."