Zamu ya Arosto

Siku hizi arosto, yale maumivu ya kukosa unga, haibebwi na teja. Hubebwa na ndugu zake kwa zamu, kwa bangili tunayopokezana. Ndiyo sheria. Jumanne ni zamu yangu kwa mwanangu Mwinjuma.

Asubuhi wifi yangu Mwanaidi alinivisha bangili, macho yamemwiva.

"Pole, wifi. Jana nimetapika mpaka nyongo."

"Na yeye?"

"Yeye? Kala, kaoga, kaenda kucheza bao."

Nilikaa jikoni kuchagua mchele. Mifupa ikawa kama inasagwa, mikono ikatetemeka hadi ungo ukaniponyoka. Kikao cha ukoo kilikubaliana tumbebe siku tisa mfululizo, maana asipogusa unga siku hizo, amepona. Hii ni mara ya nne kuanza upya. Leo ni siku ya nane.

Kabla ya adhuhuri maumivu yakakatika ghafla. Mikono ikatulia, mwili ukawa mwepesi. Nikajua Mwinjuma amevuta tena.

Nilitaka kulia, lakini mdomo ukanitangulia.

"Alhamdulillahi," nikasema.