Risasi ya Musembi

Stima haikuwepo, kwa hivyo daktari aliiinua picha ya eksirei dirishani. Kwenye bega la kulia la Musembi kuling'aa kidoa cheupe, kama punje ya mchele.

"Hii si risasi, fundi. Ni chokaa tu imejikusanya kwenye msuli. Utapona."

Musembi akashusha pumzi, akacheka peke yake. Kisha akamkumbuka jirani yake, Filister, aliyekuwa akimngoja nje. Tangu siku ile ya fujo za kura alipoangukia bega akikimbia milio ya bunduki, Filister ndiye aliyemchotea maji na kumletea uji wa wimbi.

Akajifunga tena upesi upesi leso ya kuning'inizia mkono shingoni, akakunja uso, akatoka.

Filister akamkagua polepole. "Kwani risasi imehamia kushoto?"