Hata Saa Moja Tu

Wingu lilikuwa limekwisha kuifunika rasi ya Ubwari wakati mume wa Florentine alipojibu kwa niaba yake, kama ilivyo desturi ya mwenye nyumba.

Karani wa sensa ya kazi alikuwa ameuliza: "Mu hizi siku saba, mama alitumika kazi yoyote? Hata saa moja tu, kazi ya kuleta kitu?"

"Uyu?" Mume alicheka. "Hatumikake. Anaikalaka tu ku nyumba."

Florentine alikuwa ameinama uani, akigeuza ndakala, dagaa wa ziwani, waliotandazwa juu ya wavu wakauke. Magamba yalimng'aa mikononi hadi viwikoni. Samaki hao ndio waliowasomesha watoto. Wakilowa, wataoza kabla ya siku ya soko.

"Basi hatahesabiwa pamoja na batu ya kazi," karani alisema polepole. "Na soko ya samaki, serikali inaijengaka kufuata hesabu ile, papa."

"Andika tu."

Florentine akanyoosha mgongo. Akajipangusa mikono kwa kitenge, akaja kuketi mkekani mbele yao, miguu ameinyoosha.

Upepo ukaleta harufu ya mvua. Mume akatazama angani, kisha uani.

"Mama Junior! Ndakala!"

"Mi situmikake, papa," Florentine alijibu kwa upole. "Niko naikala tu ku nyumba."

Tone la kwanza likaanguka. Mume akakurupuka, akapiga magoti kando ya wavu, akaanza kuzoa samaki kwa viganja, nusu wakimponyoka mchangani.

Karani akageuza kiti, akamtazama Florentine, akalianza swali upya.