Jina la Liudvikas kwenye Orodha ya Marehemu

Hilo lilikuwa kanisa la saba, na Domicelė hakusita tena alipoandika jina la Liudvikas kwenye karatasi ya marehemu.

Novemba nzima makanisa husoma majina ya wafu. Watu wengine huandikisha jina kwenye parokia yao, wakawasha mshumaa makaburini, basi, yameisha. Domicelė alipanda mabasi. Alianzia Palanga, akaenda Šventoji kwa wavuvi, akafika hadi Kilima cha Misalaba mvua ikimnyea. Parokia yake mwenyewe, kule bandarini Klaipėda, hakuigusa. Sasa alikuwa Šiluva, koti limelowa, mkono uliovunjika mwaka juzi ukimuuma kwa baridi.

Mzee Feliksas, mtunza sakristia, alivaa miwani akaisoma karatasi, jina na mji alikotoka.

"Pole, mama. Mumeo?"

"Mume wangu. Miaka thelathini na moja ya ndoa."

"Ni bahari iliyomchukua?"

"Alikuwa baharia," akasema Domicelė.

"Na kwenu Klaipėda hakuna padri, mpaka uje huku kote?"

"Hanipi usingizi, mzee. Nikisikia buti zake kwenye ngazi, moyo unanilipuka. Nataka kupumzika tu. Nilale siku moja mpaka kuche."

Mzee wa watu akamhurumia, maana wajane wa namna hiyo alishawaona wengi. "Tutamwombea apumzike, na wewe utapumzika." Kisha akasita. "Lakini jina ni sahihi? Usinione mbea. Mwaka jana bibi mmoja alichanganya, akatuletea jina la kaka yake, mzima wa afya, badala ya baba yake. Tukamsoma pamoja na wafu. Krismasi haijafika, tukamzika kweli. Padri anasema ni ushirikina mtupu. Mimi sitaki tena."

"Hiyo habari ilitufikia hata sisi," akasema Domicelė. "Jina ni sahihi."

Misa ikaanza. Jina la Liudvikas lilisomwa katikati ya Leonas na Marcelė, na kanisa zima likamwombea pumziko la milele. Domicelė alilia machozi ya kweli, mpaka mwanamke wa benchi la mbele akageuka akampa kitambaa.

Basi lilimshusha Klaipėda saa kumi na moja jioni, giza la mapema la Novemba limeshaingia. Alipanda ngazi polepole, akishika ukuta. Jikoni taa ilikuwa inawaka.

"Ulikuwa wapi wewe?" akauliza Liudvikas, bila kuinua uso kutoka kwenye bakuli. "Mtu ashinde na njaa, mke hajulikani aliko? Na hii supu yako ya jana haipiti kooni."

Akalisukuma bakuli, hata nusu hajafika, akaanza kukohoa.

Domicelė alisimama mlangoni bila kuvua koti, akakisikiliza kile kikohozi mpaka mwisho. Asubuhi alipomwacha, hakuwa nacho.