Theluji ya Dagoretti

Mbuzi arobaini walikuwa wananing'inia kwenye kulabu, hawana vichwa wala ngozi. Wangeci aliwainamia kwa heshima, akakohoa kidogo, kisha akaanza kuwasomea shairi la Kichina.

Alikuwa amevaa koti la babake juu ya sweta mbili, na mikononi soksi. Pumzi ilimtoka nyeupe. Mlangoni alisimama Anko Njuguna, ndugu mdogo wa babake na mshika funguo wa chumba cha baridi hapo kichinjioni Dagoretti, akimtazama kama mtu anayeona ukoo wake ukiharibika mchana kweupe.

"Ceci, watu wakiniuliza unafanya nini huku, niseme aje?"

"Sema natafuta theluji, Anko."

"Na hiyo theluji iko kwa mbuzi?"

Wangeci alicheka hadi meno yakagongana. Lakini jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Ijumaa hiyo Mwalimu Huang, aliyewafundisha Kichina, angechagua mwanafunzi mmoja, mmoja tu, wa kwenda China kusoma mwaka mzima bila kulipa hata ndururu. Wangeci, karani wa mchana na mwanafunzi wa jioni, aliitaka nafasi hiyo mpaka akawa anaiota.

Shairi lilikuwa la kale, mistari minne. Mzee anafagia njia ili rafiki yake apite. Theluji inaifunika. Anafagia tena, inaifunika tena. Mwishowe anaweka ufagio chini, anaketi na kuutazama weupe ule. Wangeci alilijua lote kwa moyo, ila kila akimaliza, Mwalimu Huang alitikisa kichwa.

"Sauti nzuri, matamshi mazuri, lakini theluji haimo," alisema kwa Kiswahili chake safi, alichokipata kwa miaka sita ya kubishana bei na akina mama wa Kangemi. "Unasoma kama mtu aliyeambiwa."

Sasa, nani hakuwa ameambiwa? Katika darasa lao, ghorofa ya nne katikati ya mji, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiona theluji. Walimwonea mwalimu wivu waziwazi. Alipowaeleza jinsi washairi wa kale walivyoifananisha theluji na manyoya ya bata bukini, na maua ya mpeasi, na mvi za mtu aliye mbali na kwao, macho yake yalilowa. Wote wakajua kwamba mtu wa watu amekumbuka nyumbani.

"Mwalimu," Wesonga aliuliza siku moja kutoka nyuma, "sasa ikianguka inapiga kelele kama mvua ya mawe ama?"

"Washairi wanasema haina sauti," mwalimu akajibu, akijivuta ndani ya sweta lake. Baridi ya Julai ilikuwa imemkamata vibaya, hata hita alikuwa ameiweka karibu na miguu. "Tuendelee."

Wakati wa mapumziko mwalimu alitafuna muwa. Wesonga, ambaye kwao ni Mumias, aliapa kwamba hajaona mtu akimenya muwa kwa meno namna ile nje ya ukoo wao.

Ijumaa ikafika. Wangeci alisimama mbele ya darasa na kufumba macho. Akakumbuka ule ukimya wa chumba cha baridi mashine inapozima. Akakumbuka Anko alivyoubamiza mlango, na barafu laini iliyoota kwenye mabomba ikadondoka polepole juu ya mkono wa koti lake. Akaipangusa, ikadondoka nyingine. Safari hii hakusoma. Alilitamka shairi kama mtu anayesimulia jambo lililompata.

Alipofumbua macho, Mwalimu Huang alikuwa amevua miwani.

"Umeiona wapi?"

Wangeci alitamani kudanganya, akashindwa. "Dagoretti, Mwalimu. Kwa mbuzi."

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Kesho asubuhi nipeleke," alisema.

Wangeci alirudi nyumbani akijilaumu njia nzima. Aliiona nafasi yake ikiondoka kwa miguu yake yenyewe. Mwalimu ataziona kulabu, atasikia harufu ya damu, atasema amefanyia mashairi ya wazee wake mzaha, kisha jina litakaloandikwa ni la Wesonga.

Jumamosi, Anko Njuguna alimvisha mgeni gambuti na koti jeupe la wachinjaji, lililomfika vifundoni.

"Karibu, Mwalimu. Lakini usitarajie mambo makubwa kama ya kwenu. Hii yetu ni ya kienyeji."

Mwalimu Huang aliingia. Aliwapita mbuzi wote arobaini bila kuwatazama, akaenda moja kwa moja hadi ukuta wa nyuma, penye mabomba. Akanyoosha kidole kimoja, akaigusa ile barafu, akakirudisha upesi kama aliyeungua. Wangeci alimwangalia mgongo, akiomba kimoyomoyo.

Ghafla mwalimu akakwangua barafu kwa mikono miwili, akairusha juu, akaacha imwangukie usoni na kwenye nywele. Akacheka. Akakwangua tena, akarusha tena, na machozi yakimtoka.

"Jumatatu lete pasipoti," alimwambia Wangeci. "Nafasi ni yako."

Wangeci alimrukia Anko Njuguna shingoni, karibu wagonge mbuzi. Mwalimu Huang alikuwa bado anahangaika kuitoa simu ndani ya lile koti refu.

"Lakini kwanza nipige picha, upesi, kabla haijayeyuka kichwani," alisema, akimpa Wangeci simu. "Nataka kumtumia mama. Kwetu kusini ni minazi na miwa mpaka baharini, na tangu enzi za babu, katika ukoo wetu wote, mimi ndiye wa kwanza kuigusa theluji."